Dawa Iliyofika Mbali Mno

Lupeni, wiki ya kutia kabichi chumvi

Kwa Mheshimiwa Mganga Mkuu wa Kliniki ya Mapafu,

Salamu kwako na kwa wote wanaopumua chini ya paa lako. Mimi ni Gavrilă Hulubaș, mchimba makaa mstaafu, mgonjwa wenu wa siku nyingi. Naandika kwa heshima kumshtaki muuguzi wenu mpya, Sista Lucreția, kwa kosa la kunitibu.

Miaka yote nilipuliza dawa ya kifua, ile ya kopo dogo la kufyatua, kwa namna yangu: naifyatua mdomoni upesi, inatua ulimini, basi. Dawa ilikaa juu, vumbi la makaa likakaa chini, na hakuna aliyemsumbua mwenzake. Sista akanitazama nikipuliza, akauliza kwa upole, "Mzee Gavrilă, tunatibu mapafu au meno?" Akaliunganisha kopo langu na chupa ya plastiki yenye mdomo, akanifundisha kutoa pumzi kwanza, kuvuta taratibu kama anayenusa supu, kisha kuibana ili dawa ishuke hadi kwenye vijia vya chini kabisa, vyembamba kama uzi. Nilitii kwa adabu tu. Madhara yake ni haya:

1. Kabichi za majira ya baridi zilikuwa zikipandishwa ghorofa ya nne na mashemeji zangu, nami nikiwaelekeza kutoka kitini. Mwaka huu mke wangu Saveta alinikabidhi gunia. Nilitafuta kuhema kidogo nijitetee, sikuweza.

2. Zamani nikishindwa katika ubishi, nilikohoa. Saveta aliniletea chai ya asali na kusahau tulichobishania. Sasa anakaa akingoja jibu. Bwana Mganga, majibu sina.

3. Jirani wa chini, Mama Zamfira, huamshwa na kikohozi changu. Juzi hakukisikia. Akajua nimekufa, akaja na mshumaa na mkate wa matanga. Mlango nilimfungulia mwenyewe. Alinuna sana, lakini mkate tuliula.

4. Hili ndilo zito. Harusini kwa binti wa kaka yangu, Saveta alinivuta tukacheze. Kazi yangu harusini imekuwa kulinda makoti. Tulizunguka wimbo mzima, na ulipokwisha alikuwa akilia begani kwangu. Nikamuuliza kama nimemkanyaga.

"Nilidhani tumeshacheza mara ya mwisho," akasema.

Mwanamume wa umri wangu afanye nini na maneno kama hayo, tena mbele ya wakwe?

Kwa hiyo naomba Sista aamriwe kunifundisha upya kupuliza vibaya, dawa irudi ulimini, nami nirudi kitini.

Nisalimie madaktari, wafagizi, na yule bwana wa picha za kifua anayetuvua mashati wakati wa theluji.

Wako mtiifu, mwenye pumzi kuliko anavyohitaji,
Gavrilă Hulubaș

N.B. Kopo linaelekea kwisha. Tafadhali nipatieni jingine kabla ya Jumapili. Kuna ubatizo, na wapiga fidla wamekwisha kuitwa. Tena, rafiki yangu Ilie, tuliyechimba naye, bado anapulizia ulimi, na hata ngazi za kwao zimemshinda. Amekubali kuonana na Sista Ijumaa. Nitamleta mwenyewe, akichoka njiani, nitambeba.