Hotuba ya Kuzindua Mradi wa Pua ya Nyumba Hii

Mheshimiwa Baba Watoto, mwasisi na mmiliki wa kwanza wa pua inayojadiliwa. Mheshimiwa Mama Mdogo, mdogo wangu wa tumbo moja na mteja wa kudumu wa kliniki ya urembo. Mgeni rasmi, binti yangu kifungua mimba, ambaye kesho asubuhi ana miadi ya kuchongwa pua hiyo hiyo. Viti vyote vilivyokaliwa na visivyokaliwa, itifaki imezingatiwa. Makofi tafadhali, na Kamati inasisitiza, ya mikono miwili!

(Makofi. Mgeni rasmi anapigapiga paja kwa mkono mmoja. Mwingine umeziba pua. "Mama, jamani, kaa chini.")

Ndugu wajumbe, mimi Mwenyekiti wa Kamati Kuu ya Nyuso, niliyejichagua kwa kura zote nikiwa naosha vyombo, nasimama juu ya zulia hili kuzindua Mradi Mkakati Shirikishi wa Uendelezaji Endelevu wa Pua, uliosubiriwa kwa hamu na wadau wa ndani na nje, yaani sebuleni na uani, na utakaotekelezwa kwa awamu, kwa uwazi, kwa teknolojia ya kisasa na kwa uongozi wangu mahiri, ambao nimeufanyia tathmini mwenyewe na kuupa alama za juu kabisa.

(Baba Watoto anakohoa. Kamati inapokea kikohozi hicho kama makofi.)

Utafiti wetu, uliofanyika kupitia upenyo wa mlango wa jikoni, umebaini kwamba asilimia mia na kumi ya mabinti wa nyumba hii hawajacheka bila kuziba pua kwa kiganja tangu yule anayefanya kazi dukani na mgeni rasmi amwambie picha zake zingependeza kama pua ingekuwa nyembamba. Simu ikampunguzia pua pichani, akaipenda ile ya kwenye simu, hii ya usoni ikawa kama mgeni asiyealikwa. Wataalamu wa redioni wanaita athari za kisaikolojia. Mimi naita kununiana na kioo.

Tukija kwenye athari za kijamii, Mama Mdogo asimame tumwone. Tangu achomwe sindano za paji la uso, ngozi imetulia kama shuka lililopigwa pasi, na Kamati inampongeza, maana siku hizi anatembea kifua mbele, na hilo si jambo dogo. Changamoto ni mawasiliano: juzi aliwakaripia wanawe, wakamkumbatia wakidhani anawasifu! Ndiyo maana hisia zake anatutangazia kwa mdomo.

(Mama Mdogo, uso haujatikisika: "Ninacheka, dada! Andika, ninacheka!" Kicheko. Halafu, taratibu: "Sijutii. Ila nilidhani nitaishia kwenye paji. Sasa kila nikijitazama nayaona mashavu.")

Ahsante kwa ripoti hiyo. Kwa hiyo Mradi unaahidi kwamba vioo vyote vitapewa semina ya adabu. Simu itakayopunguza pua ya mtu bila idhini itanyimwa chaji. Na Baba Watoto, ambaye tangu asikie habari za kuchongwa anajitazama pua kwenye kijiko cha chai akidhani hatumwoni, atalipwa fidia ya kukumbatiwa.

(Baba Watoto anaficha kijiko. "Pua hii ndiyo iliyomvuta mama yenu." Mama Mdogo: "Shemeji, ilifika yenyewe kwanza, wewe ukaja baadaye!" Mgeni rasmi anaangua kicheko, anapiga makofi. Mikono yote miwili.)

Hapo hapo! Mtu asitikisike!

Pua huru! Mikono chini! Cheka kwanza, kliniki baadaye!

Nawashukuru kwa kunisikiliza, na sasa niseme ukweli: Kamati haipo, Mradi haupo, bajeti haipo, na utafiti ni mimi na sikio langu. Alikuwepo mama tu, anayeogopa visu na ile dawa ya usingizi, akatafuta namna ya kuuona uso wako wote ukicheka kabla ya kesho, mwanangu. Ukienda, nitakubebea mkoba, nikae kwenye benchi la nje. Utoke na pua yoyote, nitakujua.

(Mgeni rasmi, mikono yote miwili mapajani: "Basi nitawapigia kliniki asubuhi, wanisogezee miadi mbele. Nifikirie kwanza." Mama Mdogo anatangaza kwamba analia, ingawa tulishaona.)