Chupa ya Maji Mliyoikataa Kutoka Ain Mrira

Kwa Mkurugenzi, Maabara ya Kupima Maji

Ndugu Mkurugenzi,

Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe na wasaidizi wako wote, isipokuwa Bi Wided wa dirisha la kupokea sampuli, ambaye nitamwombea afya hasira zikishapoa.

Mimi ni Laroussi Ben Mabrouk, mwenyekiti wa kikundi cha maji cha kijiji cha Ain Mrira, huu mwaka wa kumi na tisa. Kisima chetu ndicho kinachopeleka maji kwenye bomba la shule. Mwalimu mkuu, Bi Saloua, amelifunga bomba mpaka cheti chenu kifike, na watoto arobaini na watatu wanabeba maji kutoka makwao. Jumanne nikawaletea chupa. Bi Wided akanirudishia palepale pamoja na karatasi ya wino mwekundu: HAIFAI KUPIMWA. Malalamiko yangu ni haya.

1. Anasema chupa mliyotupatia ilikuwa safi tayari, haikutakiwa kufunguliwa kabla ya kufika kisimani. Mke wangu Mbarka aliiosha kwa sabuni ya kijani akaisuuza mara tatu. Chombo kilichopita mikononi mwa watu huoshwa kwanza, hata mama yako alikufundisha hivyo. Leo usafi umekuwa kosa?

2. Eti maji yalichemshwa. Naam, yalichemshwa! Ulitaka niwaletee wasomi maji mabichi? Yalichemshwa, yakachujwa kwa shela ya harusi ya Mbarka, ambayo tangu siku ya harusi haikuwa imetoka sandukuni.

3. Harufu. Huu ni msimu wa maua ya michungwa, kila nyumba ina maji ya maua, na Mbarka akatia matone mawili. Mawili tu! Bi Wided akanusa, akasema, "Mzee wangu, haya ni ya kisima au ya kumpaka bibi harusi?" Foleni nzima ikaangua kicheko. Nina miaka sabini na moja, Mkurugenzi.

4. Yalichotwa Ijumaa, yakafika Jumanne. Katikati palikuwa na tohara ya mjukuu wa dada yangu. Maji yalikaa garini, kivulini kwa sehemu kubwa, na hayakumsumbua mtu.

5. Jirani yangu Chedli alikuwa kwenye foleni hiyo. Mdomo wake hauna kufuli. Kabla sijafika nyumbani kijiji kizima kilishajua, na watoto wa shule wakanipokea njiani: "Babu Laroussi, maji yako yamefeli!" Mwingine akadakia, "Yatarudia darasa!" Niliumia, sikufichi. Usiku huo sikula.

Sasa tufikiri pamoja. Kama maji yaliyochemshwa, yakachujwa na kutiwa manukato hayafai, basi mnayoyapenda ninyi ni yale machafu, na hayo ndiyo mnayoyapa vyeti. Makubwa haya! Watu wa wilaya hii wanahara kila kiangazi na kuulizana sababu, kumbe sababu imekaa dirishani na koti jeupe.

Kwa hiyo naomba cheti kabla ya Jumatatu, bomba lifunguliwe. Pia naomba Bi Wided aje mwenyewe Ain Mrira, aniombe radhi mbele ya shule nzima, na anywe bilauri iliyojaa, moja kwa moja kutoka bombani, watoto wakimtazama. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Na kuanzia sasa kisima chetu kipimwe kwa kuangalia heshima ya mwenyekiti wake, maana yeye mnamjua na hakuna aliyewahi kumchemsha.

Nisalimie wa nyumbani kwako, mlinzi wa getini aliyenipa kiti, na Bi Wided pia, nisije nikaambiwa sina adabu.

Wako katika maji safi,
Laroussi Ben Mabrouk
Mwenyekiti

Nyongeza: Mbarka amesoma barua hii na anasema nifute hilo la bilauri. Bi Wided akija, tafadhali asiguse maji ya bomba, atawekewa ya kuchemsha. Nyumbani kwetu hatunywi mengine tangu mjukuu wetu Yosr alipolazwa siku tisa kwa kuhara, mwezi ule alioanza shule. Lakini hilo ni jambo la ndani ya familia, nakuomba usiliandike kwenye cheti.