Lipu Upande wa Nje

Wananchi wote walitangaziwa kwamba kuanzia Alhamisi, saa sita mchana, nchi itafungwa. Si kama duka linavyofungwa, tangazo lilifafanua, ila kama chupa ya asali inavyofungwa, ili utamu wa ndani ubaki ndani. Ukuta wa mpaka ulikuwa umekwisha, limebaki pengo moja tu la kupita mkokoteni, nalo litazibwa huku Waziri mwenyewe akishuhudia. Baada ya hapo, anayetaka kuingia atapita kwenye mlango mwembamba wenye dirisha la askari, na hapo atafanya Mtihani wa Mikono: aonyeshe papo hapo kazi ya mikono ambayo taifa linaihitaji. Akishindwa, shauri yake. Mtu wa ndani anaruhusiwa kumtolea ushahidi, lakini akisema uongo ni jela.

Aliyebuni yote haya ni Kamishna wa Mipaka, na tumpe haki yake, hakulala usingizi mzuri miezi mingi akilifikiria taifa. Alikuwa pia ameahidiwa unaibu waziri, lakini hilo alilifikiria mchana.

Wenye midomo walisema: mbona ukuta wa kuzuia wageni unajengwa na wageni? Kamishna hakukwepa swali. Kazi ilitangazwa kwanza kwa wazawa, akasema, na wazawa walijitokeza kwa wingi wa kutia moyo, kila mmoja akiomba kuwa msimamizi. Waliajiriwa wote. Ndipo ikaonekana kwamba ukuta wenye wasimamizi watupu haunyanyuki, wakaitwa mafundi wa ng'ambo. Wasimamizi walipewa viti, na mwavuli kila mmoja, wakasimamia.

Asubuhi ya Alhamisi, Kamishna alimkuta mama yake amekaa ukingoni mwa kitanda, amevaa viatu. Mama huyu miguu ilikuwa imemkatalia, na kwa miaka mingi aliyemnyanyua, akamwogesha, akamlisha na kugombana naye ni Dada, mwanamke wa makamo kutoka ng'ambo. Leo Dada naye alitakiwa awe amevuka kabla ya saa sita.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Ng'ambo."

"Ng'ambo kufanya nini?"

"Dada anakwenda. Mimi nitabaki na nani? Na wewe?"

Kamishna akakohoa kikazi. "Mama, Dada anashikilia ajira ya mzawa. Nimeshaagiza mzawa aletwe."

"Aliletwa juzi. Akaniuliza ofisi yake iko wapi. Nikamwambia ofisi ni mimi hapa, ninyanyue. Akasema yeye atakuwa anaratibu kunyanyuliwa kwangu." Mama akamtazama mwanawe, na machozi yakamlengalenga. "Mwanangu, siku ile Dada alipougua ulijaribu wewe. Tukaanguka wote wawili. Mimi nilicheka kwa sababu nisingecheka ningelia. Ukimwondoa huyu mtu umeniua, nakwambia wazi."

Maneno hayo yalimchoma. Tusimwonee, yalimchoma kwelikweli, akasimama pale mlangoni akipapasa funguo za gari. Lakini sheria ikianza kusikiliza mama za watu, itaishia wapi? Kila mtu ana mama. Akamwambia Dada afungashe, akaondoka.

Mpakani mambo yalikuwa yamepamba moto. Sasa hapa lazima tueleze jambo moja la ufundi. Ukuta huo ulipigwa lipu upande mmoja tu, upande wa nje, ukasuguliwa mpaka ukang'aa. Huku ndani yaliachwa matofali makavu na saruji imetokeza kama meno mabovu. Ni agizo la Kamishna: mgeni ndiye anayepaswa kuuonea haya uzuri wetu, mwananchi kwake ni kwake, hahitaji kupambiwa. Basi, kibao cha shaba chenye jina la Waziri kikawekwa kwenye lipu, nje. Turubai likawekwa panapoonekana kibao, nje. Viti vya kifahari, zulia jekundu na wapiga tarumbeta, nje. Waziri alifika, akavuka pengo, akakaa. Kamishna na wakuu wa idara wakamfuata, na wasimamizi wote na miavuli yao.

Fundi mkuu, aliyeitwa Timazi kwa sababu hajawahi kujenga kitu kikapinda, alibaki ndani na wenzake, karibu na matofali. Akamwita Kamishna pengoni.

"Mheshimiwa, lipu bado mbichi. Ili tusiiharibu, pengo tunaliziba kutokea huku ndani."

"Sawa."

"Maana yake sisi tutakuwa huku. Na nyinyi..."

"Fundi! Unanifundisha kazi?"

"Hapana, mheshimiwa. Ila nasema nyinyi mtakuwa..."

"Sikiliza. Saa sita ikigonga, anza. Usisimame. Atakuja mtu kulia, atakuja mtu kuomba, watakuja watu na simu za wakubwa. Usisimame. Hata mimi nikikwambia simama, usisimame, ujue nimeingiwa na huruma. Umenielewa?"

"Nimekuelewa vizuri sana," alisema Timazi.

Saa sita ikagonga. Tarumbeta zikalia, Waziri akaanza hotuba kuhusu uchumi wa mzawa, na mafundi wakaanza. Hao jamaa wana mikono, jamani! Waziri alipofika kwenye "ndugu wananchi" ya pili, matofali pengoni yalikuwa yamefika kifuani. Alipofika kwenye ajira, zilionekana kofia tu. Hapo Kamishna akageuka kutafuta njia ya kwenda msalani, na msalani kulikuwa ndani.

"Simama!" akapaza sauti. "Fundi, simama!"

"Ameingiwa na huruma," Timazi akawaambia wenzake. "Leteni tofali."

Wakamaliza. Wakubwa wakaenda mlangoni, bila haraka, kama watu wanaojua kuna kosa dogo la kiutawala. Askari akafungua dirisha, akapiga saluti safi.

"Fungua," alisema Kamishna.

"Kazi gani ya mikono, mheshimiwa?"

"Mimi ni Kamishna wako, bwana wee!"

"Najua, afande. Kazi gani ya mikono?"

Kamishna akatazama mikono yake yote miwili, pande zote. "Naratibu."

"Waratibu tunao, afande."

"Basi hii ni amri!"

"Amri hutoka ndani, afande. Wewe uko nje."

Kamishna akapandisha sauti: na wale mafundi wa ng'ambo walioko ndani je? Askari akajibu kwa adabu kwamba hao hawajaomba kuingia, wamo tayari. Kuwafukuza kunahitaji saini ya Kamishna, na saini haipokelewi kutoka nje ya nchi.

Wakati huo Mama alikuwa ndiyo kwanza anafika, amebebwa mgongoni na Dada, wamechelewa kwa sababu njiani Mama alitaka kupumzika mara kwa mara. Wakakuta ukuta umekamilika. Dada akaupapasa kwa kiganja, akacheka mpaka akalazimika kumtua Mama kwenye rundo la matofali.

"Mama!" Kamishna aliona kitambaa cha mama yake kupitia dirisha. "Mama, njoo unitolee ushahidi!"

Dada akamnyanyua, akamsogeza dirishani. Askari akavua kofia.

"Shikamoo, Mama. Unamfahamu huyu?"

"Marahaba. Nimemzaa."

"Kuna kazi yoyote ya mikono anayoiweza?"

Mama akafikiri. Alifikiri kwa moyo mmoja, maana alimpenda mwanawe na alitaka kumsaidia. Alianzia utotoni akaja taratibu mpaka asubuhi ile.

"Na nikisema uongo?"

"Ni jela, Mama. Ameiweka mwenyewe."

"Mwanangu," Mama akamwita kwa upole, "nisamehe. Mimi jela siwezi, nani ataninyanyua huko?" Kisha akamgeukia askari. "Hana, baba. Andika hana."

Nyuma ya Kamishna, Waziri alikuwa ameshakunja mikono ya koti, akimuuliza mpiga tarumbeta kwa sauti ya chini kama kusuka mkeka ni kazi ngumu kujifunza.

"Dada," alisema Kamishna, na sauti yake ilikuwa imeshuka kabisa, "mwangalie Mama."

"Namwangalia, bosi, kama siku zote," alisema Dada, akainama Mama apande mgongoni, wakaenda nyumbani kula.