Jina la Sponji Linakufa Jumatano

Jumatatu, 9 Juni

Meneja wa hoteli kaja dukani! Anataka masofa ya mapokezi yote. Ijumaa asubuhi atafungua tovuti yangu na ya yule mshenzi wa ng'ambo ya barabara, atazame picha, achague fundi. Mshenzi tunamwita Sponji. Nikiikosa kazi hii, mwenye jengo ananitoa dukani. Kashasema, tena mbele ya wateja.

Lakini nimegundua kitu. Kuna ukurasa ambapo mtu yeyote anaandika jina la tovuti, anaona malipo yake ya mwaka yanaisha lini. Nikaandika la Sponji. Jumatano! Likifa tu, nalinunua mimi. Anayemtafuta Sponji ataangukia kwangu. Nimecheka peke yangu mpaka mke wangu kaja kuchungulia.

Akasema kaka yake anaomba nimpigie, eti jina la tovuti yangu nalo linakaribia kuisha. Simpigi ng'o! Ni kweli shemeji ndiye aliyenisajilia, enzi tukielewana. Halafu akakalia sofa nililomtengenezea mbele ya wakwe zake, likavunjika, akanitangaza mji mzima. Alikaa vibaya! Sasa ananitisha tu.

Jumanne, 10 Juni

Wasiwasi. Je, Sponji akikumbuka kulipia? Nikaenda kwake mapema kumpotezea muda. Nikamsifia mishono yake, uongo mtupu. Akaniomba nimshikie kitambaa kidogo. Nikashika. Akaniomba nivute. Nikavuta. Mpaka jua linazama nimemvalishia seti nzima ya makochi, bure, vidole vimevimba. Ila simu yake hakuigusa! Akasema nina mkono mzuri. Maskini, hajui kinachomsubiri.

Jumatano, 11 Juni

Nimebonyeza "nunua" tangu asubuhi. Jina lina mwenyewe. Jina lina mwenyewe. Jina lina mwenyewe!

Nikawapigia wanaosajili majina. Dada wa huduma kwa wateja akanieleza, taratibu kama anaongea na mgonjwa, kwamba jina likiisha haliachiwi siku hiyohiyo. Tovuti inazimwa kwanza, mwenyewe anapewa muda wa kulipia, akichelewa analipia kwa adhabu, na akizidi kunyamaza ndipo wengine wanaruhusiwa. Upuuzi! Maziwa yakiisha muda yanamwagwa, jina linabembelezwa! Nikamwambia huo ni udekezaji wa wazembe.

Isitoshe, la Sponji limeshalipiwa. Aliweka lijilipie lenyewe kila mwaka. Lilijilipia jana, mimi nimemshikia kitambaa!

Alhamisi, 12 Juni

Tovuti yangu imezimwa! Hakuna sofa hata moja, ni maandishi tu kwamba jina limeisha muda. Nikavuka barabara nikamfokea Sponji kwamba ni hujuma yake. Wapita njia wakasimama. Akaniambia, jirani, hata yangu iliwahi kuzimwa hivyo, wapigie tu simu, wahi kabla ya kesho. Mnafiki!

Nikapiga. Dada yuleyule! Akasema niko ndani ya muda wa kulipia, nisiwe na hofu. Nikamuuliza kwa nini muda wenyewe mfupi hivyo, hawana huruma na watu? Kisha akasema namba ya kuingilia ili nilipie imetumwa kwenye barua pepe ya aliyesajili. Ya shemeji! Nikamwomba anitajie mimi, jina ni langu. Akakataa. Taarifa zote za kulipia zilikuwa zinakwenda huko huko. Na shemeji mwenyewe hata hakunitafuta!

Ijumaa, 13 Juni

Nimekwenda kwa shemeji kabla hata ya chai. Kanikalisha kwenye sofa lile lile, limeegemezwa kwa matofali. Akasema, "Shemeji, sema samahani kwanza." Nikasema pole. Akasema pole siyo samahani. Tumebishana hivyo mpaka chai yake ikapoa. Mwishowe nimeisema, kwa sauti ndogo. Akanipa namba, nikalipia.

Nikakimbilia dukani. Tovuti bado imezimwa! Dada akasema malipo yameingia, ila itachukua saa kadhaa ionekane kila mahali. Nikampigia meneja, alikuwa ameshafungua. Aliona maandishi yale, akadhani nimefunga biashara, kazi kampa Sponji. Nimekaa chini sakafuni. Iliwaka baada ya chakula cha mchana, picha zote, nzuri mno. Niliumia sana.

Jioni Sponji kaja. Kazi ya hoteli imemzidi, na aliona Jumanne nina mkono mzuri. Anataka nimvutie vitambaa kuanzia Jumatatu. Nimekubali, kwa dharau.

Jumamosi, 14 Juni

Mke wangu kanisihi niweke tovuti ijilipie yenyewe. Sithubutu! Waingize mkono mfukoni mwangu bila kubisha hodi? Nimekataa. Barua pepe ya shemeji pia nimeiondoa, sitaki kuomba samahani tena maishani. Nimefungua mpya yangu, na neno la siri gumu kiasi kwamba hakuna binadamu atakayeliweza. Mke akauliza nimeliandika wapi. Sijaliandika popote! Ningeliandika lingekuwa siri tena?

Halafu nikachungulia ule ukurasa. Shemeji naye ana tovuti, na jina lake linaisha mwezi ujao. Simwambii mtu. Jumatatu jioni, nikitoka kwa Sponji, nitampitia nimpotezee muda.