Stroberi ya Kwenye Sahani ya Posa

Leo nimeaibika hadi liwa imenipasuka usoni. Na sikuaibika barabarani kwa watu nisiowajua, ambao ningewapita nikaenda zangu. Nimeaibikia sebuleni kwetu, Nguvumali, mbele ya wazee waliokuja kuniposa.

Niwaeleze kazi yangu kwanza, maana bila hiyo mtaniona mwendawazimu. (Mtaniona tu, lakini angalau mjue sababu.) Niko kwenye shamba la majaribio la stroberi, milimani juu ya Muheza. Udongo wa kule una ugonjwa wa mnyauko. Leo mche umechanua, keshokutwa umelala chini, ukiung'oa mizizi imeoza. Dawa tumepiga, wapi! Kwa hiyo tunatafuta stroberi itakayozaliwa na kinga yake mwenyewe.

Tulipanda miche mingi makusudi kwenye udongo ule mgonjwa. Ikafa. Ukabaki mmoja, mbishi, matunda yake machachu mpaka unafumba macho. Nikachukua chavua yake kwa brashi, nikaipaka kwenye maua ya stroberi tamu, ile laini inayokufa mapema. (Ndiyo, mimi ndiye niliyewaozesha.) Mvua ikapukutisha maua yote isipokuwa moja, nalo likashika tunda. Halafu juzi kima wakauvamia ule mche mbishi, wakaung'oa, wakautafuna mpaka mizizi. Ugonjwa haukuuweza, kima wameuweza. Basi kinga yote tuliyoitafuta ikabaki kwenye vile vimbegu vidogo vilivyo juu ya ngozi ya tunda moja.

Jana tunda likaiva. Na jana hiyohiyo natakiwa nyumbani kwa ajili ya posa. Ningeliacha na nani? Nikalichuma, nikaja nalo kwenye kibakuli, nikaliweka ndani ya friji na kumwambia Mama, "Hiki kisiguswe." Mama akajibu, "Haya." (Nimejifunza kwamba "haya" ya mama mwenye wageni haina maana yoyote.)

Leo alasiri wageni wakafika. Msemaji wao ni Mzee Sefu, baba mkubwa wa Idrisa, huyo mchumba wangu. Kanzu imenyooka, bakora mkononi, sauti ya kuongozea maulidi. Amekuja na wazee wenzake wawili. Upande wetu yupo Mjomba Kombo, kaka yake Mama, wa kupokea maneno. Mimi, kama ilivyo ada, niko chumbani nasubiri kuulizwa kama nimeridhia. Nimejipaka liwa, ule unga wa mti wa kunukia, uso mzima, na nimekatazwa hata kutabasamu mpaka ikauke.

Kiu ikanibana. Nikanyata hadi jikoni, nikafungua friji. Kibakuli hakipo.

"Mama, lile tunda langu jekundu liko wapi?"

"Nimeliweka juu ya sahani ya matunda. Machungwa na mapapai matupu, sahani ilikuwa imepooza. Hilo limeichangamsha."

"Na sahani iko wapi?"

"Kwa wageni. Ulitaka iwe wapi?"

Nikachungulia kwenye pazia. Mjomba, na ukarimu wake, amelichoma tunda langu kwa uma, anampa Mzee Sefu. "Hili ni la mkubwa," anasema. Mzee akalitia mdomoni. Lote.

Wallahi sikumbuki nilivyolipita pazia. Nilijikuta katikati ya sebule, uso wa njano, miguu peku.

"Mzee, shikamoo, usimeze!"

(Shikamoo niliitoa. Asije mtu akasema sikulelewa.)

Mzee akameza. Nadhani ni kwa hofu. Akasema "Marahaba" taratibu huku anaisogelea bakora yake. Mmoja wa wenzake akaanza kusoma dua kwa kunong'ona, akidhani nimepandwa na mashetani.

"Rehema, una nini? Rudi ndani," Mjomba akasema.

Mtu mwenye akili angerudi. Mimi nikapiga magoti.

"Nisamehe, mzee wangu. Lile tunda ni la kazi. Vile vimbegu vyake sina pengine pa kuvipata. Kama kuna vilivyonasa kwenye meno, naomba unitolee."

Nikamsogezea kisosi.

Nyuma ya pazia nikamsikia Mama, "Ya Rabbi, nifukie." Machozi yananilengalenga, liwa inadondoka vipande vipande kwenye zulia.

Mzee akaiweka bakora chini. "Ni hivi vinavyonichoma hapa?"

"Ndivyo hivyo."

Akageukia ukutani, akaingiza vidole mdomoni, akatoa meno. Safu yote ya juu. Akayaweka kwenye kisosi changu. Kumbe ni ya bandia, na hata wenzake hawakujua. Yule wa dua akasahau alipofikia.

Nikachomoa pini kwenye mtandio, nikaanza kuchokoa. Kimoja, kizima. Kingine. Vingine vimejipanga chini ya ule ufizi wa bandia, havina hata mkwaruzo. Kwa furaha nikasahau niko wapi, nikawa navihesabu kwa sauti.

Mjomba akakohoa ili kuiokoa shughuli. "Haya, wageni wetu, karibuni. Tuelezeni lililowaleta."

Wote wakamgeukia msemaji. Msemaji hana meno. Meno ninayo mimi. Mzee akafungua mdomo, ikatoka pumzi tupu. Akaufunga. Akaninyooshea kiganja, akasema polepole kwa fizi zake:

"Mwanangu, maliza upesi unirudishie, nipate kukuposa."

Mjomba alicheka mpaka kofia ikamvuka. Nikaenda kuyasuuza yale meno, nikayarudisha kwenye sahani safi, nimeyafunika kitambaa cheupe kwa heshima zote. (Adabu ndiyo naikumbuka saa hizo.) Posa ikasemwa, tena kwa sauti ileile ya maulidi. Nilipoulizwa kama nimeridhia, bado nilikuwa nimeishika pini. Nikasema nimeridhia. Mzee akasema na yeye ameridhia, maana binti anayeng'ang'ania kitu kiasi hiki hawezi kumwacha mume kwa jambo dogo.

Mama hajanisemesha mpaka sasa. Mbegu zinakauka kwenye tishu hapa chumbani, na mlango nimeufunga kwa ufunguo. Nyie chekeni, lakini taratibu. Na siku mkiletewa stroberi za kutoka huku, tamu na zisizojua mnyauko, kuleni mshukuru. Msiulize mbegu yake ilipitia wapi.