Blanketi la Kuzikiwa

Jumatatu, 14 Juni 1993. Mshangano

Daktari kasema moyo wangu umechoka. Nilishamwambia mimi kabla hajapima. Basi kilichobaki ni kumaliza blanketi langu la kuzikiwa. Nimelifuma mwenyewe, vipande vya mraba, kwa sindano zile zile ambazo masista wa misheni walitufundishia sisi wavulana kufuma soksi. Imebaki safu ya miguuni.

Uzi umekwisha!

Mkwe wangu Renatha kazunguka mjini kutwa. Maduka siku hizi yamejaa sabuni za kila rangi, uzi wa sufu hakuna. Wauzaji wamemshangaa: nani anafuma, na mitumba imejaa sokoni?

Naapa. Sizikwi na mtumba. Na miguu haibaki nje.

Jumanne, 15 Juni

Jirani yangu Gaspari kaja kunijulia hali. Uongo. Kaja kuonyesha sweta lake jipya la mtumba. Jekundu. Kajigeuza mlangoni mara mbili ili nione na mgongo. Kasema Mwalimu, wewe endelea kufuma, siku ukifa nitakufunika miguu kwa gunia la mahindi, miguu haijui tofauti.

Nikacheka naye. Macho yangu yalikuwa kwenye mishono. Sufu tupu! Linafumulika!

Jumatano, 16 Juni

Nimemwalika Gaspari chai ya tangawizi. Nikamwomba Renatha alete jiko la mkaa chumbani, alisogeze karibu na kiti cha mgeni. Kikombe cha kwanza, hadithi. Cha pili, jasho. Cha tatu kavua sweta, kaliweka kitandani kwangu. Nikalikalia.

Mgonjwa haambiwi inuka. Gaspari kaenda zake akiimba.

Alhamisi, 17 Juni

Nimefumua mkono mmoja chini ya shuka. Raha iliyoje!

Gaspari kapita dirishani kuuliza sweta. Nikafumba macho, nikakoroma. Renatha kamwambia Baba amelala. Gaspari kauliza: amelalaje huyu, vidole vinacheza? Halafu kakumbuka mbwa wa Mama Benigna, kwamba ana tabia ya kubeba vitu. Kaenda kugombana huko. Nimesikia kelele mpaka jioni. Mbwa naye kabweka kujitetea.

Jumamosi, 19 Juni

Blanketi limetimia! Miguuni ni jekundu, linapendeza mno.

Lakini baridi imekaza, na Gaspari anakohoa upande wa pili wa ukuta. Kila akikohoa, blanketi linaniwasha. Na kesho Padri Cornel anakuja kuniungamisha na kunipa Mpako wa Wagonjwa. Mtu anapakwaje mafuta matakatifu huku kajifunika sweta la jirani?

Jumapili, 20 Juni

Asubuhi nimemwambia Renatha awashe jiko, mgeni asipate baridi.

Nimeungama yote. Padri kainama muda mrefu, mabega yakimtikisika. Nadhani alikuwa anasali. Kisha kasema rudisha mali ya watu. Nikasema Baba, sweta halipo tena, limekuwa blanketi. Kasema basi rudisha blanketi.

Padri alipoondoka, Renatha kalipeleka. Gaspari kaja nalo mwenyewe mabegani. Nikamwomba radhi. Kasema Mwalimu, sweta lilikuwa linaishia kiunoni, sasa linafika kwenye vidole vya miguu, na bado ninalo lingine la buluu, lini tena chai? Kaahidi nikitangulia ataniazima blanketi, lakini mwisho wake mlangoni mwa kanisa. Kaburini niende na gunia langu. Tumecheka mpaka Renatha akaja kunishika kifua. Gaspari kasema akitoka hapa anaenda kumwomba radhi mbwa.

Roho yangu sasa nyeupe. Naweza kufa hata leo.

Ila blanketi sina.

Renatha kaingia kuuliza kama Padri amesahau kitu, maana ameonekana barabarani na shati tupu. Nimejibu sijaona kitu. Kaniambia basi ninyanyuke anitandikie vizuri.

Nimemwambia moyo unanisumbua, aniache hivi hivi nilivyokaa. La kijivu. Sufu tupu!