Yah: Kichwa Changu cha Udongo

Mheshimiwa Mganga Mkuu,

Shikamoo kama umenizidi umri, ingawa sidhani. Mimi ni baba wa nesi wako wa wodi ya wazazi, yule mrefu. Ni fundi mwashi mstaafu. Plasta ya ukumbi wako niliipiga mimi, ndiyo maana bado imesimama. Shule niliishia darasa la tatu, yaliyobaki nikayamaliza kwa akili zangu.

Nasikia umeleta mwalimu wa kufinyanga ili manesi wapunguze uchovu. Hongera sana. Sasa sikia hasara zake:

1. Zamani binti yangu alikuwa akirudi kutoka kazini hoi, analala kwenye kochi na viatu vyake. Mimi ndiye niliyekuwa namvua, na mtaa huu hakuna baba wa kunishinda kufungua kamba za viatu. Sasa anavivua mwenyewe, tena anaimba. Mzee mzima nimeachishwa kazi.

2. Nilikuwa namsimulia nilivyojenga tangi la maji peke yangu, naye kimya, heshima tupu. Kumbe alikuwa amesinzia! Sasa yuko macho, na juzi mbele ya wageni kaniuliza wale mafundi wengine walikuwa wapi.

3. Hili ndilo kubwa. Mwalimu wako aliwaambia kila mmoja afinyange mtu anayemchosha, halafu ambonde kwa nyundo, roho itulie. Wenzake wakamfinyanga matroni. Wawili walikufinyanga wewe, pole sana. Wangu akanifinyanga mimi! Mdomo wazi, sikio moja kama sahani. Na wala hakunibonda. Kaniweka juu ya kabati sebuleni, na mjukuu wangu anasema babu huyu ni afadhali, hana maneno mengi.

4. Manesi wakichangamka hivi, wagonjwa nao watachangamka. Nani atabaki kuumwa? Hospitali itafungwa, na plasta yangu ipotee bure.

Kwa hiyo naomba darasa lifungwe mara moja, na uchovu wa binti yangu urudishwe kama ulivyokuwa.

Nisalimie manesi wote, matroni, na mlinzi wa getini anayejifanya hanijui.

Ni mimi, fundi mwenyewe, wa nyama na mifupa.

Nyongeza: Udongo wenu una mchanga mwingi, lile sikio limedondoka. Jana tulikaa sakafuni mimi na binti yangu, tukalibandika upya. Alinicheka mpaka akatoa machozi. Tangu aanze kazi kwako sijamsikia akicheka hivyo. Alhamisi nakuja naye darasani, wanifinyange vizuri, na shati nimeshalipiga pasi. Ukilifunga hilo darasa, nakuja kubandua plasta yangu.